Ndege unaijua nje ndani, cheklisti ya kutua ya nini?

Swali: "Nina leseni ya rubani binafsi, naishi Shangani hapa Mtwara. Nimefikisha saa kama 200, nyingi kwenye Cessna 206, na sasa nimeanza kujifunza Cessna 210. Safari zangu ni Mtwara, Nachingwea, Liwale na Kilwa Masoko. Mwalimu wangu wa kwanza alinizoesha kusoma cheklisti, yaani orodha ya kukagua, kila hatua. Marubani niliowakuta huku wanaisoma kabla ya kuwasha injini na kabla ya kuruka, ila wakati wa kutua wanafanya kwa kichwa. Wanasema ndege ndogo haina mambo mengi, na kuinamia karatasi karibu na ardhi ndiyo hatari yenyewe. Nani yuko sahihi?"

Jibu:

Ndugu yangu, wenzako wako sahihi kwa jambo moja: kuinamia karatasi ukiwa futi 300 kutoka ardhini ni hatari. Lakini hapo kosa ni wakati uliochaguliwa kuisoma, cheklisti haina kosa. Kwa mengine yote mwalimu wako alikuwa sahihi, na kwa kuwa sasa unaingia kwenye ndege inayokunja magurudumu, swali hili umeliuliza wakati wake hasa.

Wengi wanadhani cheklisti ni ya kumkumbusha asiyejua. Rubani anayetua kwa tumbo anajua vizuri sana kwamba magurudumu hushushwa, na pengine ameyashusha mara elfu. Kilichomponza ni mfululizo uliokatika. Unapofanya mambo kwa kichwa, kila kitendo huvutwa na kilichotangulia: umefika usawa wa mwanzo wa njia ya kutulia, mkono unapunguza nguvu, nguvu ikipungua, mkono unaenda kwenye mpini wa magurudumu. Sasa chukua kwamba hapo katikati redio imeita. Kuna ndege nyingine maili tano, inakuja upande huohuo. Unageuza shingo kuitafuta, unaiona, unajibu. Ukirudi, akili inaendelea kutoka pale inapodhani iliishia. Kitendo ulichokifanya jana na juzi kwa namna ileile kina kumbukumbu ileile, kwa hiyo huwezi kutenganisha "nimeshusha" na "nilikuwa nakwenda kushusha". Ndiyo maana mzoefu hasalimiki zaidi ya mgeni. Mgeni anajishuku, mzoefu ana kumbukumbu nyingi za kumdanganya.

Sababu ya pili ni jicho. Jicho huona kile linachotarajia kukiona. Kwenye Piper Arrow, ndege ndogo inayokunja magurudumu, ukiwasha taa za usiku za ncha za mabawa, taa tatu za kijani za magurudumu hufifia zenyewe ili zisimuumize rubani macho gizani. Ukiisahau swichi hiyo mchana wa jua kali, unashusha magurudumu na huoni taa hata moja, kumbe zinawaka. Kinyume chake kipo pia: rubani anautupia macho ubao wa vipimo, anaona mpini ulipo, anajiridhisha, kumbe taa ya kijani haijawaka. Kadi ya cheklisti inayosema "magurudumu: chini, kijani" inakulazimisha kuitafuta hiyo kijani yenyewe na kuitamka.

Utaambiwa 210 ina king'ora cha kukukumbusha. Usikitegemee. King'ora hulia unaporudisha nyuma mkono wa nguvu (mpini wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini) magurudumu yakiwa bado juu, na kwenye ndege nyingi hulia pia ukizidisha flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Siku ya kusi kali, unapotua ukikabili upepo, unabaki na nguvu ya injini karibu mpaka mwisho, kwa hiyo kinaweza kulia ukiwa tayari unanyanyua pua juu ya lami. Na sekunde hizohizo ndizo king'ora cha kuonya kwamba bawa linakaribia kupoteza mnyanyuko nacho hulia. Masikio yanasikia sauti moja, akili inasema "ni kawaida, natua". Ukivaa hedifoni za kisasa zinazomeza kelele, huenda usikisikie kabisa.

Tuje kwenye hoja kwamba ndege ndogo haina mambo mengi. 206 yako magurudumu yake hayakunjwi, ni kweli. Lakini ihesabu vizuri.

Kwenye 206 za zamani swichi ya petroli ina kushoto na kulia tu, hakuna pande zote mbili kwa pamoja. Umetoka Liwale ukitumia tangi la kushoto, ukasahau kubadilisha. Tangi likikauka ukiwa futi 500, una kama nusu dakika kabla ya kukutana na ardhi. Katika nusu dakika hiyo unatakiwa ugundue kilichotokea, ubadilishe tangi, usubiri petroli ifike kwenye injini, na wakati wote ndege iendelee kuruka. Ukihamia tangi lenye petroli nyingi ungali maili 10 kutoka uwanjani, unakuwa na nafasi ya kuona kama injini imelipokea.

Miksicha, yaani uwiano wa petroli na hewa, uliipunguza ukiwa futi 7,500. Uwanja wa Mtwara uko chini ya futi 400 juu ya usawa wa bahari. Unavyoshuka hewa inakuwa nzito na petroli imebaki ileile, hivyo mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi. Kwa nguvu ndogo huenda usigundue. Utagundua siku ng'ombe atakapoingia njiani, usukume nguvu yote ili unyanyuke tena: injini itakohoa au itapiga joto vibaya, na hiyo ndiyo dakika unayoihitaji kuliko zote. Propela ni hadithi hiyohiyo. Ikibaki kwenye mizunguko ya safari, ukisukuma nguvu yote injini inalemewa kama gari linalopanda mlima kwa gia ya juu, na nguvu kamili huipati. Miksicha na propela hazikutayarishi kutua, zinakutayarisha kughairi kutua. Watu wengi hawalifikirii hilo, ndiyo maana wanayaona ni mapambo.

Halafu kuna pampu ya umeme ya petroli. Hapa nataka usome polepole. Piper nyingi zenye mabawa ya chini hutaka pampu hiyo iwashwe kabla ya kutua. 206 na 210 zenye injini ya Continental hutaka iwe imezimwa. Ukiiweka kwenye kiwango cha juu wakati pampu ya injini inafanya kazi vizuri, unaimiminia injini petroli kupita kiasi, na kwa nguvu ndogo inaweza kuzimika. Rubani aliyelelewa kwenye Piper akiruka Cessna kwa kichwa, anaweza kujizimia injini mwenyewe kwa kitendo ambacho kule kwingine kilikuwa cha usalama. Kwa hiyo hata ile GUMPS inayofundishwa sehemu nyingi duniani (petroli, magurudumu, miksicha, propela, mikanda) ni wavu wa mwisho tu. Haijui ndege uliyokalia ni ipi. Kadi ya ndege hiyo ndiyo inayojua.

Kwa wenye Cessna 172 za zamani zenye kabureta, ongezeni joto la kabureta. Joto la Mtwara lisiwapumbaze: kwenye hewa ya pwani yenye unyevu mwingi, barafu inaweza kujijenga ndani ya kabureta hata nje kukiwa na nyuzi 30, hasa nguvu inapopunguzwa kwa ajili ya kushuka. Vuta joto kabla ya kupunguza nguvu, si baada. 206 na 210 zinapuliziwa petroli moja kwa moja, hazina kabureta, kwa hiyo mstari huo kwenye kadi yako haupo.

Wazo lenyewe la cheklisti limetokana na msiba. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Wright Field, Ohio, Marekani, ndege mpya ya kivita ya Boeing, Model 299, ilinyanyuka ikiwa bado imefungwa komeo la kuzuia mabawa ya mkia yasipeperushwe na upepo ikiwa imeegeshwa. Ilipanda, ikapoteza mnyanyuko, ikaanguka. Rubani Ployer Hill alikufa, na Leslie Tower wa Boeing naye akafa baadaye kwa majeraha. Wale hawakuwa wanafunzi, walikuwa miongoni mwa marubani bora wa majaribio wa wakati wao. Jawabu lililopatikana halikuwa kutafuta marubani wenye akili zaidi, lilikuwa karatasi. Ndege hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwa B-17. Na ni kwenye B-17, mwaka 1943, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipoona marubani wakikunja magurudumu baada ya kutua kwa kudhani wanakunja flapu, kwa kuwa mipini ilifanana na ilikaa jirani. Ukikaa kwenye 210 leo, gusa mipini hiyo miwili ukiwa umefumba macho: mmoja umbo lake ni la gurudumu, mwingine ni bapa kama bawa. Umbo hilo limo mkononi mwako kwa sababu kichwa cha rubani aliyechoka hakiaminiki, awe nani.

Sasa kuhusu namna ya kuisoma, maana hapa ndipo wenzako wanapokosea na kuilaumu karatasi.

Gawa kazi mara tatu. Sehemu ya kwanza ni maili 10 kutoka uwanjani, ukishuka. Kwa mwendo wa noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, hiyo ni dakika sita, muda wa kutosha. Hapo fanya yote yanayohitaji kufikiri: tangi, kipimo cha mgandamizo wa hewa, viti na mikanda ya abiria, taa ya kutulia, na upepo. Waambie abiria kuanzia hapo wanyamaze mpaka msimame, labda waone ndege nyingine au ndege hai ambaye wewe hujamwona.

Upepo ukadirie kwa hesabu. Njia kuu ya Mtwara imelala karibu kaskazini kusini, 01 na 19, yaani nyuzi kama 10 na 190. Miezi ya kusi, tuseme upepo unatoka nyuzi 140 kwa noti 18 na unatua 19. Tofauti ni nyuzi 50, kwa hiyo ubavuni unapigwa na kama noti 14 kutoka kushoto na usoni kama 12. Kwa Cessna 172, ambayo kitabu chake kinataja noti 15 za ubavuni kuwa ndizo zilizojaribiwa, umebakiwa na noti moja tu, na upepo unaozidi ghafla utaila hiyo. Kwa 206 inayotajwa noti 20 bado una nafasi. Uamuzi huo ni wa maili 10, usiuahirishe mpaka fainali, ule mstari wa mwisho wa kushuka kwenye njia. Miezi ya kaskazi upepo unageuka, unatumia 01 na ubavu unaopigwa ni wa kulia.

Sehemu ya pili ni kwenye daunwindi, unapokwenda sambamba na njia huku upepo uko mgongoni. Hapa ndipo kadi inaposomwa, kabla hujafika usawa wa mwanzo wa njia. Kwanza fanya kwa mkono, kwa mpangilio uliouzoea, ukipita kutoka sakafuni kwenye swichi ya petroli, kupanda kwenye mipini ya injini, hadi magurudumu na swichi. Kisha ndipo uchukue kadi na kuhakiki. Mkono uguse, jicho lione, mdomo useme. Na mdomo useme hali ya kitu. Neno "sawa" halihesabiki. "Petroli: kulia, galoni 25." "Magurudumu: chini, kijani, naliona." Ukijibu "sawa, sawa, sawa" umeimba tu, hujakagua.

Kadi ya 210 inaweza kukaa hivi:

Petroli: tangi lenye nyingi
Pampu ya umeme: imezimwa
Magurudumu: chini, kijani, tazama dirishani
Miksicha: mbele yote
Propela: mizunguko ya juu
Breki: kanyaga, zina nguvu, ya kuegesha imeachiwa
Mikanda na milango: imefungwa

Mistari saba. Ukisoma kwa sauti bila haraka ni kama sekunde 20, na kwa noti 90 daunwindi ina zaidi ya hapo. Kwa 206 futa mstari wa magurudumu. Flapu sikuziweka kwa makusudi, kwa sababu unaziongeza kwa hatua hadi fainali na utaziona kwa mwendo na pua ya ndege. Wapo wanaoziweka, sina ugomvi nao. Mpangilio na maneno yachukue kwenye kitabu cha ndege yako, kwa modeli na mwaka wake. Hizi Cessna zilibadilika mwaka hadi mwaka, na kadi ya jirani inaweza kuwa ya swichi tofauti.

"Tazama dirishani" nimeiandika kwa sababu 210 ina bawa la juu na gurudumu kubwa la upande wako unaliona ukigeuza kichwa. Ukishusha mpini, miguu inaning'inia kwanza kihasarahasara, halafu inasogea mbele na kukaza. Usihesabu mpaka taa ya kijani iwake. Isipowaka, usiendelee na mzunguko huku unahangaika nayo. Panda, toka kwenye mzunguko, nenda pembeni, kisha ufungue cheklisti ya dharura na pampu ya mkono iliyo katikati ya viti.

Breki zikaguliwe huko juu, si zikiwa zinahitajika. Pedali ikizama bila kukaza, unajua mapema kwamba uende kwenye njia ndefu ya Mtwara na uachane na kiwanja kifupi. Ukishakagua, shusha visigino sakafuni. Ukigusa ardhi huku vidole vimekanyaga breki, tairi zinapasuka.

Sehemu ya tatu ni fainali, kati ya futi 500 na 300. Hapa karatasi haishikwi tena. Ni vitu vitatu kwa mdomo: magurudumu chini, propela mbele, njia tupu. Kama mwendo, mteremko au mstari havijatulia kwenye futi 500, ghairi.

Ukikatizwa katikati ya kadi, anza tena mstari wa kwanza. Usianze pale unapodhani uliishia. Wapo wanaoweka kidole gumba kwenye mstari wanapojibu redio, na inasaidia, lakini kurudi mwanzo kunagharimu sekunde 20 tu.

Sheria hii ina uzito mkubwa zaidi Liwale au Kilwa Masoko kuliko Mtwara. Kwenye kiwanja ambacho hakuna wa kukuongoza, wewe ndiye unayejitangazia, ndiye unayetafuta ndege nyingine, na ndiye unayetakiwa kupita juu kwanza kuangalia mbuzi, baiskeli, bodaboda anayekata njia, na wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili, sehemu zilizoloa. Huo mpito wa juu ni katizo kubwa kuliko redio yoyote. Watu hushusha magurudumu, hupita, huyakunja tena wanapopanda, kisha huzunguka mzunguko mfupi kurudi kutua wakiwaza mbuzi. Vilevile ukighairi kutua kwa sababu yoyote: magurudumu yamekunjwa, moyo unadunda, na kichwa kinasema "cheklisti nimeshasoma". Uliisoma kwa kutua kule kulikoghairiwa. Kila mzunguko una kadi yake, hata kama ni wa tatu katika dakika kumi.

Ukishagusa ardhi, mikono ibaki kwenye usukani na mkono wa nguvu mpaka utoke njiani na kusimama. Kukunja flapu ungali unakimbia ndiko kunakokunja magurudumu kwa bahati mbaya. Ila kwa 206 yenye mlango wa mizigo wa nyuma kulia, usisahau flapu ukishasimama: zikiwa chini huzuia nusu ya mbele ya mlango huo isifunguke vizuri, na abiria wa nyuma hutegemea mlango huo kutoka. Wafundishe kuufungua kabla ya safari. Kama ni kutua kwa dharura, kunja flapu mara tu ndege inaposimama, uweke mstari huo kwenye kadi yako ya dharura.

Chapa kadi kwa herufi kubwa, nusu ya karatasi ya A4, uipitishe kwenye plastiki ngumu na kuifunga kwa kamba mahali mkono unapofika bila kuinama. Simu na tableti zinaweza kupata joto na kujizima zikiachwa kwenye jua la pwani, kwa hiyo karatasi iwepo hata kama unazo. Kesho kabla ya kuruka, kaa kwenye ndege ikiwa imezimwa, weka saa, soma kadi kwa sauti huku ukigusa kila kitu isipokuwa mpini wa magurudumu, huo unyooshee kidole tu. Ikizidi sekunde 25, hamishia mstari mmoja kwenye sehemu ya maili 10 na upime tena.